Barafu ya Kibo na Nidhamu ya Kompyuta

Mtu asimamaye Old Moshi alfajiri, kabla mawingu hayajapanda kutoka bondeni, huiona Kibo imejitokeza juu ya migomba na misitu, nyeupe kileleni. Juu ya weupe huo wataalamu wamebishana kwa muda wa zaidi ya miaka 170. Kwanza walibishana kama upo; kisha wakabishana mlima una kimo gani; na siku hizi wanabishana utatoweka lini. Mabishano ya kwanza yalifanywa kwa macho na kwa vitabu, na ya mwisho yanafanywa kwa kompyuta. Habari hizo zafaa kusimuliwa pamoja, kwa kuwa zaonyesha jambo ambalo wanafunzi aghalabu hulisahau, ya kwamba kompyuta ina utii lakini haina nidhamu. Utii ni kutenda lile uliloamriwa. Nidhamu ni kujizuia usiseme usilolipima, na kukubali kusahihishwa na ulilolipima. Mashine hufanya la kwanza kwa wepesi usio kifani. La pili ni kazi ya mtu, naye asipolifanya, hakuna wa kumfanyia.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa safarini kuelekea nchi ya Wachaga pamoja na kiongozi wake, Bwana Kheri. Akaona kitu cheupe juu ya mlima mkubwa. Kiongozi alipoulizwa jina la kitu kile, alikiita baridi tu. Rebmann, ambaye alizaliwa katika nchi ya theluji, alitambua mara moja kile alichokiona, akaandika habari zake, nazo zikachapishwa Ulaya. Huko London palikuwa na mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyepata sifa kubwa kwa kukusanya na kulinganisha habari za bara la Afrika ingawa hakupata kufika Afrika ya Mashariki. Cooley alikataa katakata. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 alishikilia ya kuwa theluji ya karibu na ikweta ni ndoto ya macho mabovu.

Si haki kumdhania Cooley kuwa mjinga. Alisoma sana, na kanuni aliyoishika, kwamba nchi za ikweta ni nchi za joto, ni kanuni ya kweli kwa mahali pengi. Wala hakukosea katika kufuata hoja. Ukikubali msingi wake, yaliyobaki hufuatana sawasawa. Kosa lake ni kwamba aliifanya kanuni kuwa hakimu wa jicho, wala hakuliruhusu jicho liihukumu kanuni. Hakusahau ya kuwa hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda juu. Alikataa tu kwamba mlima mrefu kiasi hicho waweza kuwapo mahali pale. Na Bwana Kheri, ambaye hakusoma kitabu hata kimoja cha jiografia ya Ulaya, alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu hakusema zaidi ya lile alilolijua, yaani kwamba kitu kile ni baridi.

Ubishi huo haukukatwa kwa maneno. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza, wakaupima mlima kwa vyombo. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia wenyewe. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari Mwingereza, alifika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Moshi hiyo ndiyo iitwayo leo Old Moshi, kwa maana reli ya kutoka Tanga ilipofika nchi ya chini, mji mpya ulikua huko na jina likashuka pamoja nao. Kwa ruhusa ya Rindi, New alipanda kutoka hapo mpaka akaigusa theluji kwa mkono. Tangu hapo hapakuwa na la kubishania kuhusu kuwapo kwake.

Yafaa kutazama hesabu za wasafiri hao zilifanywaje. Ili msafiri ajue amesimama mahali gani duniani, alilipima jua, mwezi na nyota, kisha akatafuta katika majedwali yaliyoandaliwa miaka kabla ya safari yake. Majedwali ya namna hiyo yaliyojulikana zaidi yalitolewa Uingereza kwa mabaharia, kuanzia toleo la mwaka 1767, chini ya uangalizi wa Nevil Maskelyne, mkuu wa kituo cha elimu ya nyota cha Greenwich. Waliofanya hesabu hizo walikuwa watu wa kawaida, wakikaa nyumbani kwao katika miji mbalimbali na kulipwa kwa kazi. Nao waliitwa kwa Kiingereza kompyuta. Neno hilo lilikuwa jina la mtu zaidi ya karne moja na nusu kabla halijawa jina la mashine.

Utaratibu wa Maskelyne ulikuwa hivi. Kila hesabu ilipewa watu wawili, kila mmoja aifanye peke yake bila kuiona kazi ya mwenzake. Kisha zote mbili zilipelekwa kwa mtu wa tatu, mlinganishaji, naye akatafuta mahali zinapotofautiana. Zikipatana, ziliaminika, zisipopatana, mmoja amekosea, nayo ilirudiwa. Katika miaka ya mwanzo ya kazi hiyo iligunduliwa ya kuwa wawili miongoni mwao walikuwa wakinakiliana. Takwimu zao zilipatana kila mara, lakini kupatana kwao hakukuthibitisha lolote. Walifukuzwa kazi. Hapana shaka kwamba kwao wenyewe lilikuwa jambo dogo, kujipunguzia uchovu wa jioni chache. Lakini kwa baharia aliye usiku karibu na miamba, nambari moja iliyonakiliwa pamoja na kosa lake yaweza kuwa mauti. Hapa nidhamu ya sayansi na nidhamu ya nafsi zaonekana kuwa kitu kimoja. Maskelyne aliweza kutunga kanuni ya watu wawili. Hakuweza kuitimiza bila wawili hao kuwa waaminifu wakiwa peke yao chumbani.

Mashine ilipochukua jina la watu hao, ilichukua pia kazi yao, lakini haikuchukua sharti la uaminifu. Tanzania ilijifunza hayo kwa gharama. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Matumaini yalikuwa makubwa, kama yalivyokuwa katika nchi nyingi zilizopata uhuru miaka ile. Lakini jitihada ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine ilikwenda kombo, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila idhini. Marufuku hiyo ililegezwa pole pole katika miaka iliyofuata, hata ikaondolewa. Wako waliocheka, wakiona ni woga wa maendeleo. Yafaa kuitazama kwa upole zaidi. Kompyuta hailazi daftari mahali pake, wala haimkumbushi karani kuandika stakabadhi siku ileile. Ikipewa daftari lenye pengo, hulijumlisha pengo pamoja na mengine, na jumla hutoka imepigwa chapa safi. Hatari yenyewe ni usafi huo. Daftari chafu la karani humtia mkaguzi shaka. Karatasi safi ya mashine humpumzisha.

Wakati kompyuta hiyo ya kwanza ilipokuwa ngeni Dar es Salaam, kijana mmoja alikuwa akisumbuliwa na swali lililohitaji friji na kipimajoto tu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, karibu na Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika friji. Nafasi ilikuwa chache. Mpemba alipoona mwenzake anawahi nafasi na maziwa yasiyochemshwa, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Walipofungua baadaye, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado. Akamwuliza mwalimu sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, hilo haliwezekani. Alipofika masomo ya juu Iringa aliuliza tena, akachekwa, na tangu hapo kila kosa lake la hesabu likaitwa kwa dhihaka hesabu ya Mpemba.

Hakunyamaza, wala hakutukana. Alirudia jaribio lake kwa maji, akayaona yale yale. Siku moja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alialikwa kutoa hotuba shuleni. Mpemba alisimama akauliza swali lake mbele ya watu wote, wenzake wakaona haya kwa niaba yake. Osborne hakusadiki, lakini hakumcheka; aliahidi kulijaribu. Alimpa kazi fundi wake wa maabara. Fundi alirudi akasema ya kuwa maji ya moto yaliganda kwanza, na ya kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi.

Maneno hayo ya fundi yastahili kufikiriwa na kila mwanafunzi. Kurudia jaribio ni nguzo ya sayansi. Lakini kurudia mpaka upate ulilolitaka ni unafiki uliovaa vazi la nidhamu, maana mwenye kufanya hivyo atalisimamisha jaribio siku ile litakapompendeza. Osborne alilitambua hilo, akaagiza majaribio yafanywe kwa utaratibu, na kila jibu liandikwe. Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilitokea katika jarida la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, katika miteremko hii hii ya Kilimanjaro, chini ya barafu ambayo miaka 120 kabla ya hapo mtaalamu wa London aliikana bila kuipima. Mambo hayo mawili hayana uhusiano wa damu, ila kosa waliloshindana nalo Rebmann na Mpemba ni moja.

Wala mtu asidhani ya kuwa hadithi hiyo iliishia kwa ushindi wa kijana. Mwaka 2015 wanakemia waliiga mwendo wa molekuli za maji ndani ya kompyuta, wakatoa maelezo ya jinsi jambo lile liwezavyo kutokea. Mwaka 2016 wataalamu wawili Waingereza, Burridge na Linden, walifanya majaribio yao wenyewe na kuyapitia yale ya wenzao, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Tena wakaonyesha ya kuwa kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kwaweza kuleta tokeo la uongo. Mwaka 2020 wataalamu wa Kanada walitumia chembe ndogo sana ndani ya maji, ikishikwa kwa mwanga ulioongozwa na kompyuta, wakaonyesha ya kuwa katika hali fulani kilicho cha moto zaidi kwaweza kweli kupoa haraka zaidi. Kwa hiyo juu ya maji ya kawaida ubishi ungalipo. Sentimita moja ya kipimajoto ilikuwa na uzito kuliko mashine nyingi, na iligunduliwa na watu waliokuwa tayari kuushuku mkono wao wenyewe. Heshima ya Mpemba haipungui kwa hayo. Alichokidai tangu mwanzo ni kwamba swali lipimwe, nalo lingali likipimwa.

Sasa turejee kwenye weupe wa Kibo, ambako kompyuta imepewa kazi ngumu kuliko zote, kazi ya kutabiri. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Klute na Oehler, waliipiga picha barafu ya mlima kwa ajili ya ramani. Eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walitoboa barafu hiyo na kuchukua nguzo zake, wakapima pia eneo lililobaki, wakalikuta kama kilomita za mraba 2.6. Mwaka 2002 walichapisha habari zao, wakasema ya kuwa ikiwa hali itaendelea kama ilivyo, barafu itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Utabiri huo ulienea duniani pote. Mwaka 2006 filamu ya Al Gore iliwaambia watazamaji kwamba theluji za Kilimanjaro zingetoweka kabla ya mwongo mmoja kupita.

Mwaka 2020 ulipita, na barafu ingalipo. Wasioamini ya kuwa dunia inapata joto walishangilia, wakasema wataalamu wamedanganya. Kumbe pande zote mbili zilitupa neno moja dogo, nalo ni neno ikiwa. Kuendeleza mstari uliopita ni kazi rahisi hata kwa mtoto mwenye rula. Kujua kama mstari huo utaendelea ni kazi nyingine. Kwa kazi hiyo ya pili, tangu mwaka 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake waliweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu yenyewe, karibu na kimo cha mita 5,800. Vyombo hupima joto, upepo, unyevu na mwanga wa jua saa kwa saa. Lakini nguzo zilizosimikwa katika barafu huinama barafu inapopungua, na vyombo hufunikwa. Hapana budi watu wapande, wapumue kwa shida, wazisimike upya, na kuandika kile walichokikuta. Pasipo watu hao, mashine iliyo chini yapokea upuuzi na kuujumlisha kwa utii uleule.

Takwimu hizo zilipotiwa katika kompyuta pamoja na kanuni za fizikia, jambo jipya lilionekana. Sehemu kubwa ya barafu ya juu haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka mvuke moja kwa moja katika hewa kavu na jua kali. Mvua na theluji zilipopungua mwishoni mwa karne ya 19, barafu ilianza kukosa chakula chake. Joto la dunia lina sehemu yake, lakini njia lipitialo ni ndefu kuliko watu walivyodhani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha ya kuwa mwaka 2011 zilibaki kilomita za mraba 1.76, yaani asilimia 85 imekwisha tangu 1912, na ukakadiria mwisho kuwa kama mwaka 2060. Mwaka 2022 UNESCO ilitaja mwaka 2050. Makadirio hayapatani, na hilo si aibu. Yafanana na hesabu mbili za Maskelyne, zilizofanywa na watu wasionakiliana. Aibu ingekuwa kuyalazimisha yapatane. Na katika jambo moja yapatana: barafu inakwisha.

Huenda mtu akauliza faida ya ubishi huu kwa mkulima wa Old Moshi. Faida ipo, nayo ni kubwa. Kwa karne nyingi Wachaga wameyaongoza maji ya mito kwa mifereji iitwayo mifongo, na kuyapeleka katika migomba na kahawa kwa zamu. Maji yapunguapo, mtu huinua macho kwenye barafu na kusema kwamba yamekwisha huko. Lakini wachunguzi wa misitu, miongoni mwao Andreas Hemp, wameonyesha ya kuwa maji mengi ya mito hii hutoka katika mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, na kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu umeyapunguza kuliko kupungua kwa barafu. Basi hesabu iliyoshikwa kwa pupa humfanya mtu alilie kilele asichoweza kukifikia, na kuuacha uwaka moto msitu ambao angeweza kuulinda. Haraka haraka haina baraka, wala katika hesabu.

Siku hizi mwanafunzi ana kompyuta mfukoni, yenye uwezo ambao kompyuta ile ya mwaka 1965 haukuukaribia. Huiuliza swali, nayo humjibu kabla hajamaliza kufikiri kwa nini aliuliza. Majaribu yake ni yale yale ya wawili waliofukuzwa na Maskelyne: kupokea nambari ya mwingine na kuiandika kama kwamba ameipata mwenyewe. Mlinganishaji hayupo tena. Hana budi kuwa mlinganishaji wa nafsi yake, kufanya hesabu mara ya pili kwa njia nyingine, na kuandika tofauti hata kama inamharibia jibu.

Watu wa mfongo hawakuhitaji kufundishwa hayo kwa kitabu. Ambaye zamu yake imekwisha huufunga mlango wa maji usiku, hata kama hakuna amwonaye na migomba yake bado ina kiu. Asipofanya hivyo, wa chini yake hukuta mtaro mkavu asubuhi, wala hakuna chombo kiwezacho kumrudishia maji ya usiku ule.